Pikipiki Iliyowekewa Matanga

Vijana wangu, mtu akikuletea pikipiki iliyolala miaka, usikimbilie spana. Fungua mfuniko wa tangi, weka pua, unuse. Ninyi mnapiga kiki, haiwaki, mnabadilisha plagi. Haiwaki, mnabadilisha koili. Mteja anaondoka na pikipiki nusu mpya, kumbe nyigu alijenga kwenye tundu la mfuniko. Mimi nanusa kwanza. Ndiyo maana hapa kijiweni Likombe mnaniita Mzee Pua, mkidhani sijui. Najua, na wala sikasiriki. Somo la kunusa lilinigharimu ngozi ya mikono yote miwili, na nusura liniondoe Mtwara nikaishi ukweni.

Nianze na hilo la ukweni, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilihangaika na pikipiki moja kama mgonjwa wa ndugu yangu.

Nilikuwa fundi wa karakana bandarini. Injini kubwa za dizeli, winchi na mashine za kunyanyulia mizigo. Miaka kumi na minane. Msimamizi wetu, Mzee Kondo, alikuwa na tabia ya kufumba macho akisikiliza injini, halafu anakwambia silinda ya ngapi inalalamika. Nilijifunza kwake mambo mengi mazuri na jambo moja baya: kujiona. Mafundi wa bandari tulikuwa tunawatazama mafundi wa pikipiki kama watoto wanaochezea vifuu vya nazi. Halafu ikaja ile miaka ya tisini ya kupunguzwa kazi. Tukaitwa mmoja mmoja, tukapewa barua na mkono wa asante, nikatoka getini na kisanduku changu cha spana.

Mke wangu, Atuganile, ni mwalimu, Mnyakyusa wa Kyela, aliletwa huku kikazi tukaoana. Kila mtu anamwita Mwalimu, na mimi pia. Kaka yake huko Kyela alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, akatuandikia: njooni, shemeji atasimamia mashine, na Mwalimu ataomba uhamisho. Barua ya upendo kabisa. Lakini mimi niliisoma mara moja tu nikaona giza. Mtu mzima niende kuwa kijana wa mashine ya shemeji, nikiulizwa nimepata pumba kiasi gani? Nikasema nabaki. Nitafungua gereji hapahapa uani. Na ili watu wajue kuna fundi, nikachukua baiskeli yangu nzima, nzuri, yenye dinamo, nikaibadilisha na pikipiki mbovu ya Kijapani iliyokuwa imetupwa nyuma ya ghala la korosho.

Mwalimu aliizunguka mara mbili. Tairi zimekufa, kiti kimeliwa na panya, tangi lina vitundu kama chujio.

"Baba Neema," akasema, "umetoa kitu kinachotembea, ukachukua kitu kisichotembea."

"Kitatembea."

"Lini?"

Nikaanza kufuta vumbi kwenye tangi. Akaingia ndani, akatoka na karatasi. Fomu ya uhamisho, ameshaijaza yote, mwandiko wake ule wa ubaoni. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba. "Sikulazimishi kwenda Kyela. Lakini hapa tunakula mshahara wangu peke yake na wewe unazidi kukonda kwa mawazo. Shule zikifungwa Desemba, Jumamosi yake unipeleke Msimbati na kunirudisha kwa hiyo pikipiki yako. Nikishuka kusukuma hata mara moja, Jumatatu fomu naipeleka ofisini."

Mwanamke huyu ana akili. Msimbati, ufukwe ule wa minazi, alikuwa ananidai kumpeleka tangu uchumba, sawa. Lakini siku hizo hakukuwa na mtambo wa gesi wala barabara ya maana. Ukipita Madimba ilikuwa mchanga tu, malori yanakesha humo. Fundi ambaye pikipiki yake imekwenda Msimbati na watu wawili ikarudi, huyo hahitaji kibao. Na asiyefika, mji mzima utajua. Kwa hiyo masharti yake yalikuwa ya haki, na yalinitia hofu ya kweli.

Sasa tangi.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Joakina, Mmakua, wazazi wake walivuka Ruvuma naye akiwa mgongoni wakati wa vita ya Msumbiji. Mimi Mmakonde, yeye Mmakua, kwa hiyo ni watani, na yeye utani alikuwa anaufanya kama kazi ya kuajiriwa. Hakuna siku nilipita bila kutukanwa. Alikuwa na mikorosho yake nje ya mji, na msimu ukifika alikuwa anakaanga korosho uani kwake na kuzibangua. Yale mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda alikuwa anayakinga kwenye kopo na kupaka nguzo za banda lake. Nguzo zile zilikuwa na miaka, mchwa hagusi, mvua hailowanishi.

Nikazitazama nguzo zile nikapata wazo. Mjue kwamba wazo baya huwa linakuja likiwa limevaa vizuri. Nikasema: kama mafuta haya yanazuia maji kwenye mti, yatazuia petroli kwenye bati. Nikaomba kopo moja. Mama Joakina akaniuliza, "Unataka kupaka nini, ntani?" Ningemjibu ukweli tungemaliza kila kitu siku hiyo. Lakini mimi ni fundi wa bandari. Nikamwambia ni siri ya ufundi.

Nikayamimina ndani ya tangi, nikalizungusha juani huku na huku, mikono mitupu. Nikafuta jasho usoni kwa mikono hiyohiyo. Nikalijaza tangi maji: siku tatu, hata tone. Nilitembea uani kama niliyeshinda uchaguzi.

Lakini usiku wa pili tu tangu nipake, mikono ilikuwa imeanza kuwasha. Asubuhi imevimba, uso umevimba, jicho moja limefunga. Mtoto wa Mtwara, niliyezaliwa chini ya mikorosho, naungua kwa korosho. Wanawake wanaobangua wanajipaka majivu mikononi, hata mtoto mdogo anajua, mimi nilidhani yakishapita kwenye moto yamekwisha makali. Ngozi ilibanduka kama gamba la kitunguu. Wiki nzima Mwalimu alinilisha ugali kwa mkono wake, tonge kwa tonge. Kulishwa huko kuliniuma kuliko mikono.

Nilipopona nikatia petroli. Nikapiga kiki, ikawaka. Ikanguruma kwa dakika chache, ikakohoa, ikazima, na haikuwaka tena. Nikafungua kabureta. Bakuli limejaa kitu cheusi kinata kama lami. Petroli ilikuwa imeyayeyusha yale mafuta yote na kuyashusha. Maji yasingeweza kuniambia hilo hata kwa mwaka mzima. Tangu siku ile, chombo cha petroli nakijaribu kwa petroli, na kabla ya kiki nanusa: ningenusa tangi lile, harufu ya korosho ndani ya petroli ingeniambia mapema.

Kusafisha kabureta ile hakukuwa na dawa ya dukani. Nikatafuta nipa, ile pombe kali ya mabibo, matunda ya mkorosho, nikaloweka jeti, ile yenye tundu dogo la kupitishia petroli, na bakuli kwenye kikombe, nikakiweka kabatini. Mwalimu ni mwanakwaya. Alipofungua kabati harufu ikampiga. Akaketi kitandani, akaniambia kwa sauti ndogo, "Umeanza na kunywa?" Nikamwonyesha jeti kwenye kikombe. Akatazama kikombe, akanitazama mimi, akasema, "Afadhali ungekuwa umelewa." Lakini nipa ilisafisha vizuri sana, sina cha kuisema vibaya.

Tangi nikalirudia kwa njia ya haki. Nikalitikisa na kokoto na petroli kidogo mpaka weusi ukaisha, nikaziba vitundu kwa lehemu. Hapa nisikilizeni, achaneni na simu. Tangi lililowahi kukaa petroli ni bomu hata kama liko kavu. Kabla hujasogeza moto, lijaze maji, acha nafasi ndogo tu pale unapoziba, ili mvuke usipate pa kukaa. Nimemzika fundi mmoja aliyekuwa na haraka. Fundi mzuri, mzuri kuliko mimi.

Baada ya hapo ikawaka mara ya pili, na safari hii ilisikika kama cherehani mpya. Nikaipanda. Nikapita mbele ya nyumba ya Mama Joakina makusudi, nikapiga honi. Nikafika barabara kubwa, nikageuza, nikaongeza mafuta. Katikati ya njia, mbele ya watu wa sokoni, ikalia kiiii, gurudumu la nyuma likakamata, nikaserereka mpaka kwenye genge la nyanya. Pistoni ilikuwa imeshika ndani ya silinda. Niliisukuma kurudi nyumbani nikiwa na nyanya kwenye goti, na ilikuwa imebaki wiki tano shule zifungwe.

Kesho yake asubuhi nimetoka nje na mswaki, nikakuta msiba.

Mkeka umetandikwa uani kwangu. Wanawake sita wameketi, miguu wameinyoosha, kanga zimefungwa kichwani. Pikipiki imelazwa ubavu katikati, imefunikwa shuka jeupe mpaka taa. Sufuria ya uji ipo jikoni kwangu, inachemka. Na Mama Joakina anaongoza kilio: "Mota weee, umetuacha na nani. Ulikuja kwa baiskeli nzima, umeondoka na nyanya za watu." Wenzake wanaitikia. Majirani wamejaa ukutani.

Mnajua utani wa huku. Mtani akikuwekea matanga, huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umekwisha, utachekwa mpaka wajukuu. Na maiti haiguswi mpaka mtani apewe chake. Nikauliza anataka nini, akasema jogoo. Nikaenda kukamata jogoo, mswaki bado mdomoni. Nilipogeuka nikamwona Mwalimu mlangoni ameshika mbavu, anacheka machozi yanamtoka. Tangu nilipotoka bandarini sikuwa nimemwona akicheka. Niliumia na nilifurahi kwa wakati mmoja, na sikujua nikae upande gani.

Mama Joakina akapokea jogoo, akamweka mapajani, akaendelea na msiba kwa utaratibu. "Marehemu aliugua nini?"

Nikakaa mkekani, nikajibu kama mfiwa. "Hakuugua. Alikuwa anakimbia vizuri, ghafla akashika."

"Alikula nini siku hiyo?"

"Petroli."

"Petroli na nini?"

"Petroli tupu."

Kilio kikakatika. Akavuta shuka, akainama, akaangalia injini, akaona pembeni kitangi kidogo cha oili na mpira wake mwembamba ambao mimi niliukata na kuuziba kwa bolti. Niliona kimekauka, nikasema hiki ni cha ziada, oili ya injini inakaa tumboni kama injini zote nilizozijua maishani.

"Ntani," akasema, na hapo utani haukuwamo tena, "hii ni injini kama ya mashine yangu ya kupulizia salfa mikorosho. Oili yake inachanganywa na petroli, inaingia pamoja. Hiki kitangi ndicho kilikuwa kinamchanganyia. Umemnywesha petroli kavu. Umemuua mwenyewe."

Miaka kumi na minane ya bandari, na mama mwenye jogoo mapajani ananisomesha injini mbele ya mtaa. Nilitaka kubisha. Mdomo ulishafunguka kabisa. Halafu nikamkumbuka Mwalimu nyuma yangu mlangoni na ile fomu mkobani, nikasema, "Nifundishe."

Nawaambia, neno hilo moja ndilo lililonipa kazi ya miaka iliyofuata, kuliko spana zote.

Akanifundisha siku hiyohiyo, waombolezaji wakinywa uji. Dumu la lita tano la petroli, oili robo tatu ya chupa ya soda. Oili kwanza, petroli juu yake, tikisa dumu, ndipo umimine. Isiachwe ikalala, maana oili inajitenga. Moshi ukiwa wa bluu kidogo, shukuru. Usipouona kabisa, zima. Na jeti ya kabureta ikiziba usichokonoe kwa waya, utapanua tundu na hutalirudisha tena. Tumia njiti ya ufagio wa chelewa. Akavunja njiti tatu kwenye ufagio wangu, akanitilia mfukoni mwa shati. "Hizi ndizo spana za salfa," akasema.

Nikaimwagia silinda mafuta ya nazi, nikaiacha siku mbili, pistoni ikatoka. Ilikuwa imekwaruza, siyo kufa. Siku nne nilisugua silinda kwa msasa laini, vidole vikizunguka huku na huku, mpaka ukipitisha ukucha hausikii kitu. Ringi nilipata kwa mzee mmoja Mikindani aliyekuwa na mkweche wa aina ileile. Mambo yakawa yanakwenda mpaka nikavimba kichwa tena.

Nikahitaji gasketi ya chini ya silinda, ile karatasi ya kuziba kati ya chuma na chuma. Dukani hakuna. Mezani sebuleni nikaona karatasi ngumu ya kijani, nene, safi, inavutia. Nikaikata. Gasketi haichorwi kwa kalamu, vijana. Unalaza karatasi juu ya chuma chenyewe, unagonga taratibu ukingoni kwa nyundo ndogo, chuma kinajikatia. Ilikaa kama imezaliwa pale.

Jumatatu Mwalimu alirudi saa nne asubuhi, wakati wa vipindi, amesimama mbele yangu na rejesta ya mahudhurio ya Darasa la Sita haina jalada la nyuma.

"Vaa shati," akasema. "Mwalimu Mkuu anataka maelezo na mimi sina."

Nikaenda shuleni na mikono ya oili. Darasa zima likasimama: "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia marahaba, ningefanya nini. Mwalimu Mkuu, mzee wa Kingoni, mpole, akanisikiliza mpaka mwisho nikimweleza gasketi ni nini na kwa nini rejesta ya serikali iko chini ya silinda. Akauliza, "Imekaa vizuri?" Nikasema imekaa, mwalimu. "Basi usiitoe," akasema, "utaharibu viwili." Njiani Mwalimu hakuniangalia. Lakini jioni alileta bahasha ya kaki, akaitupa mezani. "Ukitaka karatasi, omba."

Jumamosi ile ikafika.

Mama Joakina alikuwa ameshafunga kamba njiani, kama watani wanavyowafungia maharusi. Akasema hapiti mtu mpaka nimwambie nimechanganya nini na nini. Nikamtajia kama mtoto wa shule. Akafungua kamba, akatangaza kwa majirani kwamba ikirudi kwa miguu yake ataiosha mwenyewe hadharani, na ikirudi inasukumwa atakula jogoo wa pili. Mwalimu alikuwa amevaa gauni la kanisani na kanga juu, amekaa kiume, mkoba begani.

Pikipiki ilikwenda. Sijui niseme nini zaidi. Ilikwenda. Mikorosho inapita, harufu ya mabibo, watu wa Madimba wanageuka kutazama. Kwenye mchanga nikasimama, nikapunguza upepo wa tairi, nikamwambia Mwalimu, "Usikaze mwili. Iache icheze." Ukiingia mchangani usishike breki na usiogope, gia ndogo, mafuta ya kutosha, macho mbali. Ilicheza kulia, ikacheza kushoto, Mwalimu amenishika kiuno anasali Kinyakyusa, na mara tukaona minazi, tukaona maji. Msimbati. Alivua viatu akatembea pwani, akanawa miguu kwa kipande cha sabuni alichokuja nacho, akanunua samaki wa kukaanga tukala mchangani. Akasema, "Kumbe ni pazuri hivi." Nilikuwa na raha ambayo bandari haikuwahi kunipa.

Tuligeuza mchana. Mchanga tukaumaliza wote. Na tulipokaribia Madimba, ardhi imeshakuwa ngumu, nimeshaanza kuimba moyoni, ikakohoa mara tatu ikazima.

Kimya. Jua. Mimi nimeshuka, yeye amebaki juu, miguu yote miwili chini, ameishikilia isianguke.

"Sijashuka," akasema.

"Usishuke."

Nikafungua bakuli la kabureta. Kwenye jeti, chembe moja nyeusi, ndogo kama kichwa cha sisimizi. Yale mafuta ya korosho, tangu miezi mitatu, yamenifuata mpaka hapa. Nikatoa njiti ya ufagio mfukoni, nikasukuma, nikapuliza, tundu likaonekana jeupe. Nikajua tumepona. Nikarudisha bakuli, na hapo ndipo gasketi yake, ile ya zamani iliyokauka, ikapasuka vipande viwili mkononi mwangu. Petroli ikaanza kudondoka juu ya injini ya moto. Nikafunga koki haraka.

Nilichuchumaa nikiwa nimeshika vipande vile. Bahasha ya kaki niliiacha nyumbani mezani. Nyumba hakuna, duka hakuna, karatasi ya sigara haifai. Nilimwona shemeji, nikaiona mashine ya mpunga, nikamwona Mama Joakina na jogoo. Kilomita zaidi ya thelathini, na kilichobaki ni kusukuma.

"Kuna nini?" akauliza Mwalimu.

"Gasketi. Nahitaji karatasi nzito."

Nikasikia zipu ya mkoba. Sikuinua kichwa. Mbele ya macho yangu ikashuka karatasi iliyokunjwa mara mbili, nene, ile ya ofisi, yenye mwandiko wa ubaoni.

"Hii ni nzito," akasema.

"Mwalimu, unajua hii ni nini?"

"Naijua. Mimi ndiye niliyeijaza. Kata."

Nikailaza kwenye ukingo wa bakuli, nikagonga kwa kichwa cha spana, taratibu, kuzunguka. Sikuona vizuri, macho yalikuwa yamejaa maji, nikamwambia ni petroli. Akanipa na kile kipande cha sabuni. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, mjue; nikaipaka karatasi pande zote mbili, nikafunga, nikafungua koki. Hata tone. Kiki ya pili ikawaka.

Tuliingia Likombe jua bado lipo. Nilipiga honi tangu mwanzo wa mtaa. Mama Joakina alitoka na ndoo yake ameshakunja mikono, akaiosha pikipiki mbele ya watu wote, akiisuta muda wote kwamba imemdanganya kufa, imemlisha jogoo wa bure. Wiki ile ile Mwalimu Mkuu alileta pikipiki yake. Kisha mganga wa zahanati, kisha watu wa korosho na mashine zao za salfa, hao tuligawana na Mama Joakina: oili na petroli anapima yeye, mimi nafungua. Zilipokuja za Kichina na bodaboda zenu miaka ya elfu mbili, uani kwangu hapakuwa na pa kukanyaga. Kyela tunakwenda kila mwaka. Shemeji mashine yake ikiharibika ananingoja mimi.

Ile gasketi niliikuta mwaka ule nilipoistaafisha pikipiki yenyewe. Ilikuwa imekuwa ya kahawia, ina harufu ya petroli na sabuni, na upande mmoja mwandiko ulikuwa unasomeka bado: naomba kuhamishwa kutoka. Nikampelekea Mwalimu jikoni. Akaikausha kwa kanga, akaisoma, akanirudishia.

"Niitunze?" nikamuuliza.

"Ya nini?" akasema, akarudi kwenye sufuria yake. "Ilishafanya kazi yake."